Mstari wa Thelathini na Saba

Jina la Bi Shaka hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani, naye akalistahili. Ukimletea salamu kutoka kwa mtu, atakuuliza mtu huyo alikuwa amesimama wapi alipozitoa. Ukimwambia nje kuna jua, atatoka kwanza aone mwenyewe. Hata daktari aliyemwandikia miwani alilazimika kumpima macho mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza Bi Shaka alidai herufi za ukutani zimebadilishwa alipogeuka.

Msimcheke sana. Kazi yake ndiyo iliyomfundisha. Alikuwa mchonga majina kwenye mawe ya makaburi, na waliofiwa wana haraka na machozi, mambo mawili yasiyofaa mtu anapoandikisha tarehe. Zamani, alipokuwa bado anaamini watu, shemeji wa marehemu mmoja alimtajia miaka, naye akachonga bila kuuliza. Jiwe likasimamishwa, na marehemu akawa amezaliwa miaka miwili baada ya kufa. Karatasi ina kifutio, jiwe halina. Tangu siku hiyo alitaka cheti, kisha mtu wa pili wa kuthibitisha cheti, na kama mtu huyo wa pili alikuwa mcheshi kupita kiasi, alitaka wa tatu.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chumba kirefu chenye vumbi jeupe lililoingia hadi kwenye chumvi. Patasi za marehemu baba yake zilining'inia kwa mpangilio, nane, na jioni alizihesabu ingawa hakuna mwingine aliyezigusa. Chumba cha mbele alilala mama yake, mwenye miaka themanini na minne, macho yameshaingia ukungu lakini masikio yake yalikuwa hayaachi kitu. Walikuwa wawili tu. Mume wa Bi Shaka alikuwa mji mwingine, miaka mingi sasa, na habari zake hazikuulizwa hapo nyumbani.

Kaka yake alikuwa ukutani.

Miaka arobaini nyuma, vita vilipopamba moto, jeshi lilipakia vijana kwenye meli, kisha kwenye mashua, likawavusha alfajiri ili kuivamia pwani ya adui. Kikosi cha mji huu kiliwekwa mashua za mbele. Walikuwa wameambiwa kwamba mizinga imekwisha kuusafisha ufuko, wao wakatue tu. Haikuwa hivyo. Wengine waliuawa mara tu mlango wa mashua ulipofunguliwa. Wengine walizama kwa uzito wa mizigo yao, maji yakiwa ya kifuani tu. Waliofika mchangani walijilaza nyuma ya miili ya wenzao, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kujikingia. Adhuhuri ufuko ukawa umetekwa na redio ikatangaza ushindi. Hapa mjini ushindi huo uliletwa na posta, barua moja moja, hadi zikafika hamsini na nane.

Baba yake Bi Shaka ndiye aliyechonga majina hayo hamsini na nane, kwenye ukuta wa mawe uliojengwa uwanjani chini ya paa la bati. Jina la mwanawe lilikuwa mstari wa thelathini na saba. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, mama alipelekwa pale, akainua mkono, akatafuta mstari wake kwa vidole. Hakujua kusoma. Alijua tu kwamba herufi ya kwanza ya mwanawe imezunguka kama bangili, na akiipata huizungushia kidole mara mbili tatu, akisema mambo yake kwa sauti ya chini. Kaburi jingine hakuwa nalo.

Sasa herufi zilikuwa zimelika kwa vidole vya wafiwa, na manispaa ikampa Bi Shaka kazi ya kuzichonga upya kabla ya kumbukumbu ya arobaini. Hakuuliza maswali mengi kwenye kazi hiyo. Ilikuwa ya baba yake, na baba yake ndiye mtu pekee duniani ambaye hakumtilia shaka kamwe.

Jumanne moja, mwanamke wa makamo aliingia karakanani na mkoba kifuani, kaukumbatia kwa mikono miwili. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mgeni, vidole vimejaa alama za sindano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jiwe la nani?"

"Sijaja kwa jiwe jipya. Nimeambiwa ni wewe unayechonga upya ule ukuta wa askari."

"Nani kakwambia?"

"Karani wa manispaa."

"Karani yupi?"

"Yule mwenye miwani."

"Wote wana miwani," alisema Bi Shaka, lakini akamsogezea kiti.

Mshonaji hakupoteza muda. Alisema baba yake alikuwa mmoja wa askari waliotua siku ile, akafia majini. Alikuwa amelelewa kituo cha yatima, hana ndugu hapa, alikuja tu kufanya kazi kwenye tanuri la matofali, akaoa, akaandikishwa jeshini. Yeye mshonaji alizaliwa baba ameshakufa. Na jina la baba yake, alisema, lilikuwa ukutani, na sasa halipo.

Bi Shaka alimkazia macho. Watu wa namna hiyo aliwajua. Kila ikikaribia kumbukumbu, walijitokeza watu wenye mjomba shujaa ambaye mwaka jana hakuwepo. Kila ukoo unataka wake ukutani. Kupigana alipigana mtu mwingine, kusifiwa wasifiwe wao.

"Majina hayatoki kwenye jiwe yakaenda kutembea," alimwambia. "Baba yangu alichonga hamsini na nane. Nayajua kwa kichwa. La baba yako halimo."

Mshonaji akafungua mkoba. Alitoa kwanza barua ya jeshi, yenye muhuri, ya kifo. Bi Shaka aliinusa. Kisha akatoa picha. Mwanamke kijana amebeba mtoto kiunoni, nyuma yake ukuta ukiwa mpya, na mkono wake mmoja umenyooshwa, kidole kimegusa jina.

Bi Shaka akachukua kioo cha kukuzia na kuhesabu mistari kutoka juu. Ilikuwa thelathini na sita juu ya kile kidole. Alirudia kutoka chini. Jina lililoguswa na kidole lilikuwa jina lile lile la kwenye barua, na halikuwa la kaka yake.

"Picha siku hizi zinatengenezwa," alisema.

"Hii haikupigwa siku hizi. Tazama nyuma."

Nyuma palikuwa na muhuri wa studio iliyofungwa tangu Bi Shaka angali na meno yote. Alikwangua muhuri kwa ukucha. Haukutoka.

"Mama alirudi hapa baada ya miaka sita ili anionyeshe jina," mshonaji aliendelea. "Halikuwepo. Akauliza huku na kule, akaambiwa labda amechanganya mji. Wengine wakamwambia kichwa chake hakiko sawa tangu afiwe. Mwishowe na yeye akaanza kuamini hivyo. Hata picha alikuwa akiitazama anaiogopa. Amekufa mwaka jana, anajiona mwendawazimu."

Bi Shaka akasema kazi hii inahitaji uchunguzi, arudi Ijumaa, picha aiache.

"Picha siachi."

"Huniamini?"

"Sikujui, mama."

Jibu hilo lilimpendeza Bi Shaka kuliko barua na muhuri wake. Mwongo angeiacha.

Akaenda uwanjani siku ile ile. Njiani alikuwa amekwisha kupanga washukiwa: mpiga picha, karani, mume wa mshonaji kama yupo. Alipofika mbele ya mstari wa thelathini na saba aliutazama kwa kioo, akaupapasa, akaugonga kwa kucha. Jiwe lilikuwa jiwe. Alikuwa karibu kuondoka ameridhika, pale lilipomjia jambo dogo akasimama.

Baba yake aliacha amri moja kuhusu ukuta huo: usioshwe kwa maji. Ufutwe vumbi kwa brashi kavu, basi. Maji hula herufi, alisema, na ndiyo maana aliwang'ang'ania manispaa hadi wakaweka paa. Bi Shaka mwenyewe alimkaripia mfagiaji wa uwanja zaidi ya mara moja kwa kusogeza ndoo karibu. Lakini yeye alikuwa amechonga mamia ya mawe ya makaburi, yako nje, yananyeshewa mwaka hadi mwaka. Maji hayajala hata nukta. Kwa miaka yote hiyo, mtu asiyeamini kwamba nje kuna jua alikuwa amemeza neno hilo bila kulitafuna. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Alijaza kopo kwenye bomba la uwanjani, akachovya kitambaa, akakipitisha juu ya jina la kaka yake.

Kila mchonga mawe anajua siri hii, na hakuna anayemwambia mteja. Ukikosea herufi, unasaga jiwe lile lile, unachanganya vumbi lake na gundi, unaziba kosa, unalisugua, na likikauka hata mama yako mzazi hatalijua. Ila ukililowesha, jiwe hunywa maji likawa jeusi, na kiraka hakinywi. Hubaki kimepauka pale pale.

Jiwe likawa jeusi. Na katikati ya herufi za kaka yake, huku na huku, zikajitokeza herufi zilizopauka za mtu mwingine: mguu wa moja, mgongo wa nyingine. Hazikuwa nyingi, ila kwa mtu wa kazi ile zilitosha. Alizisoma, na lilikuwa jina la kwenye barua ya mshonaji. Kiraka kilikuwa kizuri, hakina tundu wala ufa. Katika mji huu ni mtu mmoja tu aliyeweza kuziba hivyo. Bi Shaka alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, kopo mkononi, akasubiri jiwe likauke asije mtu akaliona.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Msasa. Huyu ndiye aliyekuwa akisugulia mawe ya baba yake, na sasa alikuwa mzee wa kuota jua mlangoni kwake, vidole vimepinda. Alimwona Bi Shaka akija na kabla ya salamu akasema mgongo unamuuma, hawezi kuongea.

"Mzee wangu, mdomo hauko mgongoni," alisema Bi Shaka, akavuta kigoda. "Nimeosha ukuta."

Mzee Msasa alijaribu kuongelea mvua, kisha wajukuu, kisha bei ya saruji. Bi Shaka alikaa tu.

"Ulikuwa kwa mumeo wakati huo, hukuyaona," alisema hatimaye. "Kaka yako hakuwa na barua ya kifo, mwanangu. Alikuwa na barua ya kupotea. Waliandika kwamba hajaonekana tangu siku ya kutua. Manispaa wakasema aliyepotea si aliyekufa, ukutani haingii bila barua ya kifo. Na mama yako hakuwa mtu tena. Hali, halali, halii. Anakutazama tu. Utamliliaje mtoto ambaye hakuna aliyekwambia amekufa? Tukaona tutamzika na yeye."

"Kwa hiyo mkamtoa mtu."

"Baba yako alitafuta jina lisilo na mtu. Yule wa tanuri la matofali, yatima, mkewe alishahama na mtoto. Tulisema nani atamuuliza? Kila mtu pale huutazama mstari wake tu. Wiki tatu baada ya uzinduzi tulifanya kazi hiyo asubuhi mbili, tumetundika turubai, tunadai tunarekebisha ufa. Kisha baba yako akamwambia mama yako barua ya kifo imefika, akamshika mkono, akampeleka, akakiweka kidole chake kwenye herufi. Siku hiyo ndiyo alilia. Akalia siku tatu, ya nne akala."

"Na yule mwanamke aliporudi kuuliza?"

Mzee Msasa akaangalia vidole vyake. "Alikuja karakanani kwetu. Baba yako alimwambia amechanganya mji."

Bi Shaka aliondoka bila kuaga. Alimkasirikia baba yake, na hapo hapo akamwonea huruma, na hasira ikazidi kwa sababu ya ile huruma. Alijua vilevile kwamba shauri lilikuwa mikononi mwake peke yake. Picha ingeweza kuitwa ya kughushi. Manispaa wasingebishana na yeye kwenye mambo ya mawe. Akilichonga jina la kaka yake kwa kina zaidi kidogo, vipande vya chini vingekwenda na vumbi, na siri ingekwisha. Akilitoa, mama yake angebaki na nini? Miaka themanini na minne, macho hana, kaburi hana, na hiyo bangili moja ya jiwe ndiyo mtoto wake. Ukuta ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na hata ungekuwa na nafasi, kaka yake bado hakuwa na barua.

Mshonaji alirudi Ijumaa, mkoba kifuani. Bi Shaka alikuwa amekata kibao cha jiwe zuri, la kuning'inizwa pembeni ya ukuta.

"Nitamchongea baba yako hapa. Peke yake, kwa herufi kubwa. Wengine wote wamebanana."

Mshonaji alikitazama kile kibao, kisha akamtazama yeye. "Jumanne uliniambia majina hayatembei. Leo unampa jiwe lake mwenyewe. Umeona nini, mama?"

"Sijaona kitu."

"Sikitaki, basi. Alikufa pamoja na wale. Walivuka alfajiri moja, akae nao. Alikuwa na nafasi yake."

Bi Shaka alikilaza kile kibao kifudifudi. Alimfikiria yule mwanamke wa kwenye picha, anaiogopa picha yake mwenyewe kwa sababu watu wa heshima walimwambia macho yake yanamdanganya. Bi Shaka alikuwa amewatilia shaka watu maisha yake yote, lakini hakuwahi kumfanya mtu ajitilie shaka mwenyewe. Baba yake alifanya hivyo. Bi Shaka akachukua kopo.

"Twende uwanjani," alisema. "Mama yako hakuwa mwendawazimu. Twende uone."

Mshonaji alipoziona herufi zikitokea kwenye maji, alisogea karibu. Aliweka kiganja juu ya jiwe lililolowa, akakiacha hapo mpaka likakauka. Kisha akauliza, "Na huyu wa juu yake ni nani?"

"Kaka yangu."

Kazi ya kulirudisha jina la yule yatima Bi Shaka aliifanya mwenyewe kwa siku nne, nyuma ya turubai, kama walivyofanya wale wawili. Alisaga vumbi, akachanganya gundi, akaijaza herufi ya mviringo kwanza kwa kuwa ndiyo aliyoiogopa zaidi. Katibu wa manispaa alipolinganisha jina na barua ya jeshi, aligonga muhuri na kumwambia amefanya jambo la haki. Bi Shaka alitamani kumrushia nyundo.

Bi Shaka hakumwambia mama yake. Kila asubuhi alianza, "Mama, kuna jambo," na mama akajibu, "Lipi?" na jambo likageuka kuwa sabuni imekwisha. Alijidanganya kwamba vidole vya mzee vimekufa ganzi, havitatambua. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alihesabu patasi nane kila jioni.

Siku ya kumbukumbu uwanja ulijaa. Majina yalisomwa, na kila jina lililosomwa, ndugu waliinuka na kwenda kusimama mbele ya mstari wao. Bi Shaka alihakikisha lori linalopita barabarani linaunguruma vya kutosha liliposomwa la thelathini na saba. Kwa kweli ni bahati tu iliyofanya mama asilisikie jina, lakini alijipongeza. Akamshika mama mkono, akampeleka ukutani. Mshonaji alikuwa ameshafika, akasogea kando.

Mama aliinua mkono. Vidole vikahesabu mistari kwa kushuka, vikafika, vikatafuta mviringo. Vikarudi nyuma, vikaanza upya.

"Hapa pamenyooka," alisema.

Akapapasa mara ya tatu.

"Huyu siye. Huyu nani?"

Ndipo akamwambia. Alimwambia yote, hapo hapo, kwa sauti ya chini, huku majina yakiendelea kusomwa: barua ya kupotea, turubai, yatima wa tanuri, baba. Alimwonyesha mshonaji kwa kumshikisha mkono wake. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipapasa vidole vya mshonaji, alama za sindano moja baada ya nyingine.

"Mama yako aliomboleza wapi?" alimuuliza.

"Hakuwa na mahali, bibi."

"Nimekaa mahali pake," alisema mama. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua." Akamgeukia binti yake, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Bi Shaka hakuwahi kukiona pale. "Hiyo barua. Irudie."

"Iliandikwa kwamba hajaonekana tangu siku ya kutua."

"Hawakuandika amekufa."

"Hapana, mama. Lakini ni miaka arobaini."

"Nimekuuliza walichoandika."

"Hawakuandika amekufa."

Mama alijifuta vumbi vidoleni kwa pindo la nguo yake, polepole, kidole kimoja kimoja. Bi Shaka, yeye aliyewakatalia watu wote, akampa mkono wa kushikilia.

"Nirudishe nyumbani," alisema mama. "Tumefunga mlango, na mtu anaweza kuja akadhani tumehama."